Kununua Gari la Kale la Kimarekani katika Mwambao wa Tanga

Wasomaji wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe wamekuwa wakirudia swali moja kwa namna mbalimbali: mtu mwenye akiba yake na mapenzi ya magari ya kale ya Kimarekani aanzie wapi, atazame nini, na ajihadhari na nani, ili asije akalipa bei ya kito kwa chuma kinachostahili kupimwa kwa kilo? Makala haya yanamlenga mnunuzi huyo, na yanamchukulia kuwa ni mtu anayeishi katika mwambao wenye hewa ya chumvi, miongoni mwa mafundi waliolelewa na magari ya Kijapani, chini ya taratibu za forodha ambazo hazimpi unafuu kwa sababu tu gari lake ni la kumbukumbu. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, kanuni inayotangulia nyingine zote ni kwamba kinachonunuliwa hasa ni hati na bodi. Injini hufunguliwa ikaundwa upya, viti hushonwa, rangi hupigwa na matairi huagizwa. Lakini gari lisilo na hati halali haliandikishwi, na chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikishaliwa na kutu huweza kugharimu kuliko gari lenyewe.

Lipi ni la Kimarekani na lipi si la Kimarekani

Makosa mengi huanzia kwenye jina. Neno Ford lililobandikwa kwenye boneti halitoshi, kwa kuwa Anglia, Consul, Zephyr na Cortina, zilizoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na 1960, zilikuwa kazi ya Ford ya Uingereza yenye kiwanda Dagenham, na vipuri vyake havilingani na vya Ford za Detroit. Lori la Bedford nalo, ingawa lilitoka katika kampuni iliyomilikiwa na General Motors ya Marekani, lilikuwa zao la Uingereza. Magari hayo yana heshima yake na yana wapenzi wake, ila asiuziwe mtu kwa bei ya Mmarekani.

Kwa upande mwingine, zipo Chevrolet, Ford na Dodge za asili ya Kimarekani ambazo usukani wake uko kulia tangu kiwandani, na mnunuzi asiyejua historia yake huzikataa akidhani zimechezewa. Makampuni ya Marekani yalikuwa na viwanda nchini Canada, hasa katika miji ya Oshawa na Windsor, na viwanda hivyo ndivyo vilivyopewa kazi ya kuunda magari ya usukani wa kulia kwa ajili ya masoko ya himaya ya Uingereza. Kibati cha kiwandani kikionyesha mojawapo ya miji hiyo, mnunuzi wa Tanzania ana sababu ya kufurahi, maana atakuwa amepata umbo la Kimarekani lililo tayari kwa barabara zetu.

Gari lililobaki shambani

Si lazima kutazama ng'ambo kwanza. Mkonge wenyewe uliingia pwani hii kutoka Florida mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yaliyozaliwa na mmea huo yalihitaji magari ya kubeba majani, singa na watu kwa miongo mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mitambo na magari ya ziada ya kijeshi yalimwagika Tanganyika, baadhi yake kupitia Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa hiyo mtu anayetafuta Jeep ya zamani, au lori la Dodge au Chevrolet, ana haki ya kuanza kuulizia kwenye karakana za mashamba, misheni na familia za wakandarasi wa zamani, ambako gari huwekwa juu ya mawe, yaani huondolewa matairi na kuachwa, kisha likasahaulika nyuma ya banda la korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Aulizie mapema, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu nao huulizia, na gari lililokwisha kukatwa vipande kwa gesi halirudi.

Ugumu wa magari haya uko kwenye umiliki. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Baadaye mashamba hayo yakapita chini ya shirika la umma, na katika miaka ya 1990 yakabinafsishwa. Gari moja linaweza kuwa liliandikishwa kwa jina la kampuni ya Mgiriki au Mhindi iliyokwisha kufutwa, likatumiwa na shirika la umma ambalo halipo tena, kisha likabaki katika eneo la mwekezaji ambaye hajui kama limeorodheshwa katika mali alizonunua. Mlinzi wa karakana aliyelilinda miaka yote hiyo anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba ni lake, na bado asiwe na uwezo wa kuliuza.

Kabla ya kutoa hata kishika uchumba, mnunuzi afanye haya kwa mpangilio huu:

- Asome namba ya chesesi na namba ya injini kwa macho yake, azipige picha, na azilinganishe na kadi ya gari. Namba iliyosomwa kwenye kadi peke yake haithibitishi chochote.
- Apeleke namba hizo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kwa polisi wa usalama barabarani ili ajue gari limeandikishwa kwa jina la nani na kama halidaiwi wala halitafutwi. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini kufutwa kwa ada hakufuti mikopo, rehani wala kesi.
- Ikiwa mwenye gari ni kampuni, adai barua yenye sahihi ya mkurugenzi mwenye mamlaka pamoja na nakala ya uamuzi wa bodi ya kuuza, wala asiridhike na neno la meneja wa shamba.
- Ikiwa gari lilikuwa la shirika la umma lililovunjwa, aulizie kwa Msajili wa Hazina, ambaye ndiye msimamizi wa mali za Serikali katika mashirika, na kama liliuzwa kwa mnada, aone stakabadhi ya mnada yenye namba ya chesesi.
- Ikiwa mwenye gari ni marehemu, amlipe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa, si mjane peke yake, na si mpwa aliyeachiwa funguo.

Jambo la mwisho linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linaloharibu mauzo mengi ya pwani. Familia za Tanga zimetawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Maskati, na gari la babu lililolala miaka 30 bila kuulizwa na mtu hupata warithi wengi siku inaposikika kwamba limelipiwa. Msimamizi wa mirathi akiwa na barua ya uteuzi ya mahakama, na warithi wakiwa wametia sahihi karatasi moja ya kukubali mauzo, mnunuzi analala usingizi. Akikosa karatasi hizo, atalikarabati gari kwa fedha zake na kuja kunyang'anywa likiwa jipya.

Wapo watakaouliza kama gari lisilo na kadi kabisa linafaa kununuliwa. Linafaa kwa bei ya vipuri tu, na kwa mtu atakayelitumia kama vipuri. Kadi iliyopotea huweza kutafutiwa nakala na yule ambaye jina lake limo katika kumbukumbu, baada ya kutoa taarifa ya upotevu polisi. Ila dalali anayeahidi kuleta kadi ya gari jingine la aina ileile na kugonga namba mpya kwenye chesesi anamwalika mnunuzi katika kosa la jinai, na gari lenye namba iliyogongwa upya hupoteza thamani yake ya ukusanyaji daima.

Jeep ya vita na namna ya kuisoma

Kati ya Wamarekani wote, Jeep ndiyo inayomfaa zaidi mkusanyaji anayeanza katika mkoa huu: ni nyepesi, ni rahisi kufunguliwa, na vipuri vyake bado vinatengenezwa upya. Kati ya mwaka 1941 na 1945 ziliundwa zaidi ya laki sita, na viwanda vikubwa viwili viligawana kazi: Willys waliita yao MB, na Ford waliita yao GPW. Kwa jicho la haraka ni gari moja, lakini kwa mkusanyaji ni mawili, na kuyatofautisha kunahitaji tochi, brashi ya waya na subira. Katika MB namba ya chesesi imo kwenye kibati kilichopigiliwa upande wa ndani wa fremu ya kushoto, mbele. Katika GPW imegongwa moja kwa moja juu ya fremu ya kushoto. Ford waliweka pia herufi F ya mwandiko wao juu ya vichwa vya bolti na kwenye sehemu nyingi ndogo, hata kwenye mabano na bawaba, hivyo mnunuzi akisugua grisi ya miaka mingi na kuiona F hiyo ikijirudia sehemu baada ya sehemu, ana ushahidi bora kuliko maneno ya muuzaji.

Jeep nyingi zilizotumika kazini zimechanganywa. Kukuta injini ya Land Rover, giaboksi ya Kijapani au bodi iliyokunjwa na fundi bati si ajabu wala si aibu, maana waliokuwa nazo walitaka zitembee. Lakini bei ishuke kwa kadiri ya kilichopotea. Aidha, baada ya vita Willys waliendelea kuuza Jeep za kiraia, wakianza na CJ-2A mwaka 1945, na muuzaji akipaka rangi ya kijani ya jeshi na kuchora nyota nyeupe hajaigeuza kuwa ya vita. Ya kiraia ina taa kubwa zaidi za mbele na mlango wa nyuma unaofunguka, ilhali ya vita haina mlango huo.

Kutu ya pwani

Chumvi ya bahari hailii gari mahali panapoonekana. Huanzia ndani ya maboksi ya chuma yaliyofungwa, chini ya mazulia, kwenye viungio vya sakafu na fremu, nyuma ya madigadi na kuzunguka vioo, na rangi mpya inayong'aa juu yake huwa ni dalili ya kuogopa kuliko ya kufurahia. Ukaguzi wa bodi ufanyike mchana, gari likiwa kavu na limeinuliwa, mbele ya fundi bodi aliyelipwa na mnunuzi.

- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ipitishwe polepole kwenye milango, madigadi na chini ya buti. Pale inapoacha kushika, chini ya rangi pana puti, yaani ule mchanganyiko unaojazwa ili kuficha mabonde na matundu.
- Fremu igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo huzama.
- Mazulia yote yainuliwe. Muuzaji anayekataa kuinuliwa kwa zulia amekwisha kujibu swali.
- Milango ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, na nafasi kati ya mlango na nguzo itazamwe juu na chini. Nafasi isiyolingana huonyesha kwamba gari limepinda au liliwahi kukatwa na kuunganishwa.
- Fundi aulizwe sehemu zilizochomelewa ni zipi, na kama kuchomelea huko kumeshika chuma kizima au kumebandikwa juu ya kutu.

Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya kahawia inayofutika kwa msasa, isimtishe mtu. Kutu inayotoa magamba kama maganda ya mti kwenye fremu ndiyo ya kuachana nayo, hata kama injini inawaka kwa mguso mmoja.

Kuagiza kutoka nje: masoko manne

Soko la kwanza ni Marekani kwenyewe. Magari ya Arizona, New Mexico na sehemu kavu za California huwa na bodi bora kuliko ya Michigan au Ohio, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Minada mikubwa kama Barrett-Jackson na Mecum huonyesha magari mazuri, ila mnunuzi akumbuke kwamba juu ya bei ya nyundo kuna kamisheni ya mnada, na kwamba picha nzuri si ukaguzi. Mkaguzi wa kujitegemea hupatikana karibu kila jimbo, na malipo yake ni madogo mbele ya hasara anayoizuia. Jambo la kuangaliwa sana ni hati ya umiliki inayotolewa na jimbo. Hati iliyowekewa alama ya gari lililofidiwa na bima, kwa ajali au mafuriko, hushusha bei mno, na baadhi ya wauzaji hulihamishia gari jimbo jingine ili alama hiyo ipotee. Historia ya hati tangu jimbo la kwanza idaiwe, hasa kwa magari yaliyokuwa Louisiana wakati wa mafuriko ya mwaka 2005 au Texas wakati wa yale ya 2017. Forodha ya Marekani hutaka hati na gari viwasilishwe bandarini saa 72 kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo muuzaji anayesema hati itafuata baadaye hana gari la kuuza.

Soko la pili, na pengine bora kwa mtu wa Tanga, ni Afrika Kusini. Ford ilianza kuunganisha magari Port Elizabeth katika miaka ya 1920, General Motors ikafuata, na magari yao yalikuwa ya usukani wa kulia. Maeneo ya bara ya nchi hiyo ni makavu, wapenzi wa magari ya kale ni wengi, na umbali ni mdogo. Kibali cha polisi cha kuthibitisha kwamba gari si la wizi ni sharti la kulitoa nchini humo.

Soko la tatu ni Oman na Falme za Kiarabu, ambako ndugu wa wasomaji wengi wanaishi na ambako Chevrolet Caprice na magari ya GMC ya miaka ya 1970 na 1980 yalipendwa sana. Usukani ni wa kushoto. Sehemu za ndani mbali na bahari huhifadhi bodi vizuri, lakini jua huua dashibodi, vitambaa na mipira yote, na mchanga hujificha kila penye upenyo.

Soko la nne ni Kenya, ambalo wengi huuliza habari zake kwa sababu mpaka wa Horohoro uko karibu, na Mombasa ina magari. Gari lenye namba za Kenya huruhusiwa kuvuka kwa kibali cha muda tu. Kulihamishia Tanzania moja kwa moja kunahitaji taratibu kamili za forodha na usajili, na anayeliendesha Tanga kwa miezi kwa kuongeza kibali hadi kibali anajiandalia kulipoteza. Mtu pia asidhani anaweza kupitisha gari la kale kwa mlango wa jirani: Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukuta wa namna hiyo. Badala yake hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu.

Hesabu ya kodi kabla ya moyo kupenda

Hapa ndipo ndoto nyingi huvunjika, na ni afadhali zivunjike kwenye karatasi kuliko bandarini. Kodi huhesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, gari dogo la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 na umri unaozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kodi hizi hupandana: ushuru wa bidhaa na wa uchakavu huhesabiwa baada ya kuongeza ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla yote. Kwa mfano, gari lililofika kwa thamani ya shilingi milioni 40 litahesabiwa hivi:

- Ushuru wa forodha: milioni 10, na jumla inakuwa milioni 50.
- Ushuru wa bidhaa juu ya milioni 50: milioni 5.
- Ushuru wa uchakavu juu ya milioni 50: milioni 15, na jumla inakuwa milioni 70.
- Kodi ya ongezeko la thamani juu ya milioni 70: milioni 12.6.

Kodi hizo peke yake ni milioni 42.6, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ya reli, gharama za forodha, bandari, wakala na usajili. Viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, hivyo makadirio ya wakala yaombwe kwa maandishi na yawe ya mwaka husika.

Huulizwa pia kama gari la mwaka 1965 halipaswi kuthaminiwa kama bure kwa kuwa ni chakavu. Jibu ni kwamba forodha haifungwi na ankara ya muuzaji, na ina uwezo wa kukataa bei isiyoaminika na kuweka yake. Wakala anayependekeza ankara ya bei ya chini anamweka mteja katika hatari mbili: faini au kutaifishwa, na bima ya meli ambayo, gari likipotea baharini, italipa bei ileile ya uongo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nalo hukagua magari yaliyotumika, na kwa kuwa mahali pa ukaguzi pamewahi kubadilishwa kati ya nchi ya asili na bandari ya kushukia, swali hilo liulizwe kabla ya meli kung'oa nanga.

Mustang na namba zake

Ford Mustang iliyozinduliwa Aprili 1964 ndiyo inayotajwa zaidi na vijana, na ndiyo inayoghushiwa zaidi, kwa sababu tofauti ya bei kati ya ya kawaida na ya nadra ni kubwa mno. Namba yake ya utambulisho husomeka kama sentensi, na imegongwa kwenye chuma cha ndani cha digadi la kushoto, chini ya boneti. Katika namba inayoanza 5F09K, tarakimu 5 ni mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, 09 ni bodi ya mgongo mteremko, na K ni injini yenye nguvu ya pekee. Bodi ya kawaida ni 07, na ya kufunguka paa ni 08; injini ya silinda sita ni T, na ya silinda nane ya kawaida ni C. Muuzaji akidai bei ya K huku namba ikisema C, mjadala umekwisha. Kwa magari ya Ford ya kuanzia mwaka 1967, kampuni ya Marti Auto Works hutoa, kwa malipo, taarifa ya jinsi gari lilivyotoka kiwandani, na taarifa hiyo ipatikane kabla ya kulipa.

Mnunuzi asishangae kukuta kwamba magari ya kabla ya mwaka 1981 hayana namba ya tarakimu na herufi 17, kwa kuwa mfumo huo ulianza mwaka huo. Afisa asiyezoea jambo hili huweza kuiona namba fupi kama kasoro, kwa hiyo maelezo ya maandishi yenye picha ya namba yaandaliwe mapema.

Likishafika: usukani, spana na breki

Usukani wa kushoto usihamishwe kulia. Kazi hiyo hugusa sehemu ambazo maisha ya dereva yanazitegemea, na hushusha thamani. Dereva azoee kutolipita lori katika barabara ya Segera bila msaidizi upande wa kulia, na taa za mbele zibadilishwe, kwani za Marekani hutupa mwanga kwa upande wa anayekuja. Kwa magari yenye taa mbili za duara za inchi 7, taa za Land Rover za nchi za kuendesha kushoto huingia bila kukata chochote.

Mambo mengine humpata karibu kila mnunuzi:

- Bolti ni za inchi. Spana za milimita huzila pembe, kwa hiyo seti ya spana za inchi inunuliwe kabla fundi hajagusa gari.
- Umeme wa magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 ni wa volti 6. Chevrolet ilihamia volti 12 kwa magari ya 1955 na Ford kwa ya 1956. Betri ya volti 12 ikifungwa bila kuuliza, balbu na geji huungua.
- Breki za kabla ya 1967 kwa kawaida zina mkondo mmoja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Masta silinda ya mikondo miwili ni badiliko ambalo hata mkusanyaji mkali hulisamehe, na kwa mtu atakayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo halina mjadala.
- Springi ni laini, za barabara za lami. Katika mbio za Safari za mwaka 1964 timu ya Mercury Comet ilikuja na maandalizi makubwa, na magari mawili tu kati yake yalifika mwisho. Barabara ya vumbi yenye matuta iendwe polepole.
- Petroli ya siku hizi haina risasi, na viti vya valvu vya baadhi ya injini za zamani huliwa taratibu bila risasi hiyo. Silinda hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, viti vigumu viwekwe wakati huohuo.

Kulihifadhi karibu na bahari

Mwenye nyumba Raskazone na ndugu Korogwe alilaze gari Korogwe. Asiye na ndugu huko ajenge banda lenye sakafu ya saruji na matundu ya hewa juu na chini, lakini lisiloelekea baharini, na asilifungie gari ndani ya kontena la chuma, ambalo hutoa jasho usiku na kuoza pamoja nalo. Turubai la plastiki hufanya madhara yaleyale; kitambaa cha pamba ndicho kinachofaa. Baada ya kila safari ya pwani, chini ya gari paoshwe kwa maji baridi na pakaushwe, na ndani ya maboksi ya fremu panyunyiziwe mafuta mazito kabla ya masika. Tangi lijazwe petroli ili unyevu usipate nafasi, betri itolewe, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya maji kutoka hewani, yamwagwe na kubadilishwa angalau kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea. Liwashwe na kuendeshwa hadi injini ipate moto kamili, kwani kuliwasha dakika tano na kulizima huacha maji ndani ya ekzosi. Mipira ya milango, gasketi, plagi, pointi za umeme na mpira wa masta silinda viagizwe mara mbili ya mahitaji katika oda ya kwanza, kwa kuwa nauli ya kifurushi cha pili kutoka Marekani mara nyingi huzidi bei ya kilichomo.